Sura ya Sita: Ruta ya Kwenye Droo

Tarehe 28 Juni, saa mbili asubuhi, foleni ya saiba moja ya Murera ilikuwa imeshatoka mlangoni na kukata kona hadi mbele ya duka la chakula cha mifugo. Kila aliyesimama alishika kitambulisho na kijikaratasi chenye PIN ya KRA, kwa sababu ritani za mwaka hufungwa tarehe 30, na wengi wetu huikumbuka kazi hiyo zikiwa zimebaki siku mbili. Ndani, kompyuta sita zilikuwa zinawaka na hakuna hata moja iliyofungua ukurasa. Ruta ilikuwa juu kabisa ya rafu, karibu iguse mabati. Iliwasha taa zake zote kwa pamoja, ikatulia kitambo, ikazima, ikawasha tena.

"Fundi, hii imekufa," mwenye saiba aliniambia kabla sijaweka mkoba chini. "Nimeshamtuma mtu wa boda Thika aniletee nyingine. Kubwa. Ile ya antena sita."

"Subiri kidogo, mama. Nipe dakika kumi kwanza."

Nilichomoa adapta ukutani nikaigeuza. Lebo ilisema 12V, 1A. Nikaipima kwa mita: volti 12.3. Ningeishia hapo ningesema adapta ni nzima na ruta ndiyo mbovu. Lakini adapta isiyobeba kitu ni kama punda aliyesimama zizini. Nguvu zake utazijua akishafungiwa mitungi ya maji. Kwa hiyo nikakwangua ganda la waya wake, upana wa ukucha tu, nikaichomeka kwenye ruta na kushikilia ncha za mita pale palipokwanguliwa. Volti 11.8. Taa zikawaka. Redio ya waifai ilipoamka na kudai stima zaidi, namba zikaporomoka mbele ya macho yetu: 10, 9, 8.4. Ruta ikazima. Mzigo ulipoondoka volti zikapanda tena, ruta ikaamka, ikadai, ikaanguka. Ilikuwa imeshinda hivyo tangu usiku.

Juu ya mlango kulikuwa na kamera ya ulinzi. Adapta yake ilikuwa ya 12V, 2A, yenye ncha ya duara ya unene ule ule wa milimita 5.5, na mchoro mdogo wa lebo ulionyesha chanya iko katikati, sawa na ya ruta. Tukaiacha kamera kipofu kwa siku hiyo. Dakika tatu baadaye kompyuta ya kwanza ikafungua iTax, na mwenye saiba akampigia simu mtu wa boda ageuze. Alikuwa amefika Juja.

Nimeanza na adapta katika sura inayohusu kununua ruta kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za wenye biashara ndogo hupotelea. Ruta huhukumiwa kwa kosa la jirani yake. Ndani ya adapta mna kapasita, vikopo vidogo vilivyojaa majimaji, na joto huyakausha majimaji hayo taratibu. Chini ya mabati ya Murera mwezi wa Februari, saa nane mchana, rafu ya juu ni tanuri. Ruta mpya ukiiweka kwenye rafu ile ile, ikalishwa na soketi ile ile, itakufa kwa ugonjwa ule ule, hata ingekuwa na antena kumi.

Pia kuna siku ambazo kosa haliko dukani kabisa. Kwenye kisanduku cha faiba kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga kutoka kwa kampuni haufiki kwako: waya umekatwa na trekta la barabara, au umepindwa na mtu aliyekuwa akihamisha kabati. Hapo piga simu, usinunue kitu. Na wakati mwingine kosa liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikazorota. Siku hiyo watu walizima na kuwasha ruta zao mara ishirini, nzima kabisa, bila kosa lolote.

* * *

Ruta ile ilikuja kufa kweli mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika kasi. Mwenye saiba alikuwa amekodisha chumba cha pili ng'ambo ya njia kwa ajili ya fotokopi na picha za pasipoti, na kijana mmoja alimpitishia waya wa intaneti hewani kutoka jengo hadi jengo, kama mita arobaini, ukashikiliwa katikati na tawi la mgrevilia. Radi haikuhitaji kuugusa. Ilipiga mahali karibu, na waya wa shaba uliotandazwa hewani ukaokota nguvu hiyo kama antena na kuipeleka ndani. Nilipoifungua ruta harufu ya kuungua ilinipiga puani, na kwenye milango miwili ya waya palikuwa na doa jeusi kama la masizi. Swichi ya chumba cha pili nayo ilikwenda, pamoja na kompyuta moja.

Sasa ilibidi kununua. Na swali la mwenye saiba lilikuwa lile ambalo huulizwa kila mahali: "Ni gani haiharibiki?"

Nilimjibu kwa kumkumbusha kahawa, maana wazazi wake walikuwa wakulima. Sehemu hii ya Kiambu kati ya Ruiru na Thika ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge kabla haijawa ploti na nyumba za kupanga, na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 iliharakisha tu mageuzi hayo. Wakulima walikuwa na SL28, mmea ambao kahawa yake inasifiwa na waonjaji wa dunia nzima. Lakini SL28 haiwezi chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi, na mkulima alikuwa akinyunyiza dawa mwaka mzima na bado anavuna nusu. Mwaka 1985 watafiti wa Ruiru walitoa mbegu ya Ruiru 11. Waliizalisha ihimili chulebuni na kutu ya majani, kwa sababu walijua magonjwa hayo hayaendi popote. Swali lao lilikuwa mmea gani utasimama katika shamba lenye ugonjwa.

Mwenye saiba alitikisa kichwa polepole. Alikumbuka bomba la kunyunyizia dawa lililokuwa likining'inia mgongoni mwa babake.

Hakuna ruta isiyoharibika. Kuna ruta inayoendana na mabaya ya mahali ilipo, na kuna duka linalorudi kazini haraka baada ya ruta kufa. Mimi hupima kwa hilo la pili. Ruta ya bei kubwa ambayo ikifa inakungojesha siku nne kwa sababu hakuna nyingine kama hiyo Thika nzima siwezi kuiita ya kuaminika. Kwa saiba, siku nne katika wiki ya mwisho ya Juni ni kodi ya nyumba ya mwezi.

* * *

Mabaya ya Murera, basi. La kwanza ni stima.

Nchi nzima inalijua hili. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya ikaingia gizani. KenGen wenyewe walitangaza kisa hicho, na tumbili akaokoka. Mwaka 2023 taifa zima lilizimika mwezi Agosti, likazimika tena Novemba, likazimika tena Desemba. Lakini kwa ruta, kuzimika si tatizo kubwa kama kurudi. Stima hukatika, hurudi, hukatika tena kabla hujakaa, na kila ikirudi huja kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachoua.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya boksi ninayosoma ni pale panapoandikwa volti za kuingia. Ruta nyingi za nyumbani zinataka volti 12 kamili, kwa sababu zimetengenezwa zikae na adapta yake na si kitu kingine. Ukiiunganisha na betri ya volti 12 unadhani umepatia, kumbe betri hiyo inapochajiwa hupanda hadi 13.8, wakati mwingine zaidi ya 14. Ruta nyingine huvumilia, nyingine huungua taratibu. Baadhi ya vifaa vimeundwa kwa mabadiliko hayo. MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, hutengeneza kisanduku kidogo kiitwacho hEX. Toleo lake la RB750Gr3 hupokea chochote kuanzia volti 8 hadi 30. Ukikumbuka adapta ile ya Juni iliyokuwa ikiporomoka hadi 8.4, utaona kwa nini namba hizo zilinivutia.

Kisha betri. Faiba ina fadhila moja ambayo wauzaji hawaitaji: njiani haihitaji stima. Kati ya kituo cha kampuni na duka lako, mwanga hugawanywa kwa vipande vya kioo visivyotumia umeme wowote. Murera yote ikiwa giza, intaneti inaweza kuwa inakufikia vizuri kabisa mlangoni, ikikosa tu mtu wa kuifungulia. Kisanduku cha faiba na ruta kwa pamoja hula kama wati 15. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ndogo nzito inayowekwa kwenye kengele za wezi, ina wati-saa 84. Betri ya asidi haipendi kumalizwa, kwa hiyo hesabu nusu yake tu: karibu saa tatu za kazi. Na kwa kuwa betri ndiyo inayoilisha ruta, kishindo cha stima kurudi kikija kinakutana na chaja kwanza. Chaja ikiungua utaumia, lakini kidogo.

Baya la pili ni mawe. Nyumba za huku hujengwa kwa mawe ya Ndarugo, yaliyokatwa kwa mashine, inchi tisa kwa tisa, mazuri kwa macho na mazito kwa mawimbi. Waifai ikivuka ukuta mmoja wa mawe hayo imeshachoka. Ikivuka wa pili imekwisha. Juu kuna mabati, ambayo huyarudisha mawimbi yalikotoka. Hapa ndipo watu hudanganywa na antena sita. Nguvu ya redio imewekewa kikomo na sheria, na antena za ziada haziwezi kulifanya jiwe kuwa pazia. Na hata ruta ingepaza sauti, simu ya mteja iliyo chumba cha nyuma ni ndogo na haiwezi kujibu kwa sauti hiyo. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili.

Dawa yake ni kutenganisha kazi. Ruta ibaki kuwa ruta, ikae mahali pa baridi, pa kavu; waifai itoke kwenye visanduku vyake vidogo, kimoja kila chumba, vilivyounganishwa na ruta kwa waya. Ukifanya hivyo, kufa kwa kimoja hakuui vingine. Najua inaonekana kama kuongeza vitu. Lakini kifaa kimoja kinachofanya kila kazi kikianguka kinaanguka na duka zima.

Kuhusu kasi nitasema machache, kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa na ndiyo yenye maana ndogo. Boksi likisema AC1200, namba hiyo ni jumla ya redio mbili, 300 na 867, na simu ya kawaida haitumii zote mbili kwa mara moja. Zote zimepimwa katika hali ambayo duka lako halitaiona. Kama unalipia Mbps 20 kwa mwezi, ruta yoyote ya siku hizi itazipitisha. Kitu kimoja tu ukikague: milango ya waya. Kuna ruta zinazojivunia 1200 kwenye boksi huku milango yake ikiishia 100. Kwa saiba ya Mbps 20 haidhuru. Kwa duka la uchapishaji linalohamisha picha nzito kutoka kompyuta hadi kompyuta, inadhuru kila siku.

* * *

Sasa nije kwenye jambo ambalo wateja wangu hulipuuza, na ambalo mimi naliona zito kuliko stima.

Ruta ni kompyuta. Ina programu ndani, na programu hiyo ina mapengo ambayo hayajagunduliwa bado. Mwezi Mei 2018 watafiti wa Cisco walitangaza kirusi kiitwacho VPNFilter kilichokuwa kimeingia kwenye ruta zisizopungua 500,000 katika nchi 54, nyingi zikiwa zile ndogo za nyumbani na za biashara kama zetu. Zilikuwa zikiendelea na kazi vizuri tu. Wenyewe hawakuona lolote. Na ili nisionekane napendelea: mwaka huo huo pengo kubwa liligunduliwa kwenye ruta za MikroTik, hizo hizo ninazozisifu. Kampuni ilitoa sasisho la kuliziba mwezi Aprili, na miezi kadhaa baadaye bado maelfu kwa maelfu ya ruta duniani zilikuwa wazi, zikitumiwa na wezi, kwa sababu hakuna aliyebonyeza kitufe cha kusasisha.

Mwenye saiba aliniuliza wezi watataka nini Murera. Nikamwelekeza kwenye meza yake. Palikuwa na nakala za vitambulisho, namba za PIN, paswadi za eCitizen zilizoandikwa nyuma ya bahasha, vyeti vya watoto wanaoomba nafasi za vyuo. Watu humpa vitu ambavyo hawawapi hata ndugu zao. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na mtu anayeshika taarifa za wengine kwa njia hiyo ana wajibu kisheria. Lakini mbali na sheria, wale ni majirani zake. Alikaa kimya, kisha akazikusanya zile bahasha na kuzifungia kwenye kabati.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa simu yako, pale pale kaunta, uitafute ruta hiyo kwa jina na uangalie tarehe ya sasisho lake la mwisho. Ikiwa ni miaka mitatu iliyopita, hiyo ni ruta iliyotelekezwa, hata kama boksi lake bado linang'aa. Lakini angalia pia lebo iliyo tumboni mwa ruta, si jina la boksi tu. Watengenezaji huuza kifaa chenye jina moja kwa miaka mingi huku wakibadilisha vilivyomo ndani. Lebo itakuambia V2, V4, V6. Sasisho la V6 si la V4. Nimewahi kutembea Luthuli Avenue, Nairobi, mchana kutwa nikitafuta toleo fulani, nikakuta maduka manne yana boksi lile lile na matoleo matatu tofauti ndani yake.

Wanaopenda kuchimba zaidi watakutana na OpenWrt. Asili yake ni ruta ya Linksys, WRT54G, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2002. Watu waligundua ndani yake mna Linux, wakaidai kampuni itoe msimbo wake kama leseni inavyotaka, na ikautoa mwaka uliofuata. Kutoka hapo ikazaliwa programu huru ambayo leo inaendesha mamia ya aina za ruta, pamoja na nyingi zilizotupwa na watengenezaji wake. Kama una kijana anayeijua, kwa mfano mwanafunzi wa JKUAT hapo Juja, ni njia nzuri ya kuipa ruta nzima miaka mingine. Kama huna, achana nayo; ruta ambayo mtu mmoja tu anaielewa hutegemea afya ya mtu huyo.

Ruta za mitumba kutoka Ulaya ziangalie kwa makini. Ni imara na bei yake ni tamu, lakini nyingi zilitolewa na kampuni za intaneti za huko na zimefungwa zisifanye kazi kwingine. Omba iwashwe mbele yako, na muuzaji akufungulie ukurasa wa mipangilio. Akikwepa, ondoka. Hata ukinunua mpya, omba risiti, na uulize swali moja tu la garanti: ikifa, mtanipa nyingine hapa kaunta au mtaipeleka mahali? "Tutaipeleka" maana yake wiki tatu.

* * *

Tulinunua hEX mbili zinazofanana kabisa, lebo kwa lebo. Bei ya ile ya antena sita ilikaribia kutosha zote mbili. Tukaongeza kisanduku kimoja cha waifai kwa kila chumba. Ule waya wa kwenye mgrevilia tuliushusha, tukapitisha faiba nyembamba ndani ya bomba lililofukiwa, na kigeuzi kidogo kila upande. Kioo hakipitishi stima. Radi ipige itakavyo. Kati ya majengo yale mawili haina tena pa kupita.

Kazi ya ruta yenyewe ilichukua mchana mmoja, na sehemu ngumu haikuwa ruta. Ilikuwa kupata jina la mtumiaji na paswadi ambayo kampuni ya intaneti hutumia kuitambua laini ya duka. Hakuna aliyeiandika popote. Ilikuwa ndani ya ruta iliyoungua tu. Tulikaa kwenye simu zaidi ya saa moja kabla ya mtu wa upande wa pili kuipata. Msomaji, kama una ruta inayofanya kazi leo, funga kitabu hiki kwanza, iulize kampuni yako taarifa hizo, na uziandike kwenye karatasi. Mimi nitakungoja.

Nilipanga mitandao miwili: mmoja wa kompyuta za duka na printa, mwingine wa simu za wateja, na wa pili hauoni wa kwanza. Nikafunga mlango wa kuingilia mipangilio kutoka nje. Nikabadilisha paswadi ya kiwandani. Nikasasisha programu. Kisha nikanakili mipangilio yote kutoka ruta ya kwanza hadi ya pili, nikaijaribu ile ya pili kwa nusu saa wateja wakiwa kazini, nikaizima na kuiweka kwenye droo ya chini, pamoja na adapta yake na ile karatasi.

Nyaya nilizifunga utepe wa rangi. Nyekundu huingia mlango wa kwanza, ndiyo ya faiba. Njano ni swichi ya kompyuta. Buluu ni waifai. Ruta zote mbili nilizibandika rangi hizo hizo kwenye milango. Kila baada ya miezi mitatu tulikubaliana abadilishe: ya kwenye droo itoke ifanye kazi, ya kazini ikapumzike. Ruta ya akiba isiyowashwa kamwe huonekana haifanyi kazi siku inapohitajika, na inabaki nyuma kwa masasisho. Mara ya kwanza alibadilisha nikiwa nimesimama kando yake, mikono nimeweka mfukoni ili nisimsaidie. Alitumia dakika kumi na moja. Mara ya pili, sita.

Rafu nayo tuliishusha. Ruta ikatoka chini ya mabati ikakaa usawa wa meza, penye hewa.

Tarehe 30 Juni iliyofuata nilikuwa Gatundu, nikifunga kamera kwenye kiwanda cha chai, simu yangu ilipolia saa kumi na moja jioni. Foleni, aliniambia, ilikuwa imefika tena kwenye duka la chakula cha mifugo. Mtoto wa mteja mmoja alikuwa amegusa kikombe, na chai ya maziwa ikamwagikia ruta yote, pale usawa wa meza nilipoiweka mimi. Ilitoa moshi kidogo ikazima.

"Nakuja," nikamwambia. "Nipe saa moja na nusu."

"Usije," akasema. "Nilitaka tu kukuuliza kama ile iliyolowa niiache kwenye jua au niitupe."

Kwa nyuma nilisikia sauti ya printa ikivuta karatasi, na mwanamke mzee akiuliza kama ndiyo hiyo imetoka. Mwenye saiba akamjibu, "Ndiyo hii, shosho, ikunje vizuri usiipoteze," kisha akarudi kwenye simu.

"Kesho ukipitia Thika," akasema, "niletee nyingine ya droo. Angalia lebo ya tumboni ifanane na hii."